Milioni 20 za darasa zikiingia akaunti ya shule: mwongozo kamili, kuanzia barua hadi makabidhiano

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kuliko wote ni huu: "Mwalimu, fedha imeishia kwenye lenta, nifanyeje?" Lenta ni mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kabla ya paa. Ujumbe wa pili kwa wingi ni wa aliyekwisha kuezeka na kupaka rangi, kisha mkaguzi akamwomba risiti ya kokoto naye hana. Watu hawa si wezi. Ni walimu waliofundisha Baiolojia au Kiswahili miaka kumi na tano, siku moja wakaamka na ramani mkononi na mamilioni kwenye akaunti ya shule, wakaambiwa darasa liwe tayari watoto wakifungua.

Mfano ninaoutumia ni wa fedha za UVIKO-19, kwa kuwa ndizo wengi wetu tulijifunzia. Zilitoka kwenye mkopo wa dola milioni 567.25 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3, na mpango wake ulizinduliwa Dodoma Oktoba 2021. Upande wa elimu yalikuwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila moja shilingi milioni 20, yakijengwa kwa fosi akaunti, maana yake shule inanunua vifaa yenyewe na kuajiri fundi yenyewe bila mkandarasi. Bei zimebadilika tangu hapo na fedha zilizofuata zina majina mengine, ila hatua za kufuata ni zile zile.

Nimeyaona madarasa mengi yaliyokwama, na naweza kusema hivi: fedha ya darasa mara chache hulika ofisini. Huvujia pale lori linaposhusha mzigo. Ndiyo maana hatua ya tano nimeirefusha kuliko nyingine zote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa shilingi

Makaratasi:

- Barua ya halmashauri inayoeleza fedha hiyo ni ya nini.
- Ramani na BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na gharama, vyenye saini ya mhandisi wa halmashauri.
- Barua za uteuzi za wajumbe wa kamati tatu: ujenzi, manunuzi na mapokezi.
- Leja ya stoo, daftari la mihutasari, daftari la kazi za kila siku na daftari la wageni.
- Faili moja la mradi. Moja tu. Ukiwa na mafaili matatu, karatasi inayotakiwa itakuwa kwenye la nne.

Zana:

- Futi ya mita 5 na tepu ya mita 30.
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50. Mnunuzi wa mazao kijijini anayo, azima.
- Vernia, kifaa cha kupimia unene. Usinunue, ipo maabara ya Fizikia.
- Ndoo za lita 20 zinazolingana, nne au tano.
- Stoo yenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na mbao za kuinulia saruji isiguse sakafu.

## Hatua ya 1: Soma barua hadi mstari wa mwisho

Tafuta majibu manne: vyumba vingapi, samani zimo au hazimo, tarehe ya kukamilisha, na fedha inasimamiwa na nani wilayani.

Swali la samani ndilo linalowaumiza watu. Wakati wa UVIKO kuna wakuu wa shule waliojenga vizuri, wakapaka rangi mbili za kupendeza, kisha wakagundua kuwa viti na meza vilikuwa ndani ya fedha ile ile. Darasa la sekondari hupangiwa wanafunzi 40, kwa hiyo hesabu ni seti 40. Kama zimo, zitoe pembeni leo kwenye karatasi, usizitazame tena mpaka mwisho.

Onyo: fedha hii ina kazi yake. Choo cha walimu kikititia katikati ya mradi, pole, lakini hakichukui hata mfuko mmoja wa saruji kutoka hapa. Kuhamisha matumizi bila kibali ni hoja ya ukaguzi hata kama choo chenyewe kimejengwa vizuri.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuyajibu maswali yale manne bila kufungua faili.

## Hatua ya 2: Unda kamati tatu zisizofanana sura

Kamati ya ujenzi inasimamia kazi kila siku. Ya manunuzi inatafuta bei na kuchagua muuzaji. Ya mapokezi inakagua mzigo na kuukubali au kuukataa. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Sababu iko wazi: aliyemchagua muuzaji akiwa ndiye anayepokea mzigo, hakuna atakayesema nondo ni nyembamba.

Changanya walimu, wajumbe wa bodi au kamati ya shule, na wanakijiji. Kwenye mapokezi usiweke watu wa heshima tu. Weka fundi mstaafu au mama anayeuza vifaa vya ujenzi gulioni, almradi yeye mwenyewe hakuuzii. Wawe watano ili wakikosekana wawili kazi isisimame, maana lori haliji kwa kufuata ratiba ya mtu.

Kila mjumbe apate barua ya uteuzi yenye tarehe ya kabla ya ununuzi wa kwanza. Barua za uteuzi zilizoandikwa baada ya bati kupanda juu huwa zina wino wa rangi moja na saini za siku moja, na wakaguzi wanazijua.

Kikao cha kwanza cha pamoja kikiisha, bandika kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji: kiasi kilichopokelewa, kazi itakayofanyika na majina ya wajumbe. Uvumi wa "fedha za shule zimeliwa" hukua palipo na ukimya.

## Hatua ya 3: Ilete BOQ ardhini

BOQ huandikwa kana kwamba kila shule iko uwanja wa mpira. Shule yako huenda iko kwenye mteremko, au juu ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika.

Mwombe mhandisi aje kabla ya kuchimba, siyo baada. Pigeni kamba, mpime kwa pima maji tofauti ya kimo kati ya kona ya juu na ya chini. Ikiwa kona ya chini imeshuka mita moja, upande huo wa msingi utakula kozi (mistari) kadhaa za tofali ambazo BOQ haikuziona, pamoja na kifusi cha kujaza. Hapo mna chaguo mbili: kusogeza jengo, au kuirekebisha BOQ kwa saini ya mhandisi. Kuchimba kwanza na kufikiri baadaye ndicho chanzo nambari moja cha fedha kuishia kwenye lenta.

Kisha gawa fedha kwenye bahasha nne za karatasi: (1) msingi na jamvi (sakafu ya zege), (2) kuta hadi lenta, (3) paa, (4) umaliziaji na samani. Kiasi cha kila bahasha kinatoka kwenye BOQ iliyorekebishwa. Bahasha ya kwanza ikizidi, simamisha kazi na muitane siku hiyo hiyo. Usikope kutoka ya nne kwa matumaini kwamba bati litashuka bei.

Maji yasisahaulike. BOQ nyingi hazina mstari wa maji, na zege haliwezi kukorogwa kwa mate. Kama kisima kiko mbali, hapa ndipo nguvu za wananchi zinaokoa: kuchimba msingi, kusomba mawe, kuleta maji. Andika kwenye daftari nani alikuja, siku gani, kazi gani, na thamani yake kwa makadirio ya mhandisi. Mchango ambao haukuandikwa ni kama haukutolewa.

## Hatua ya 4: Nunua kwa mpangilio

Pata nukuu za bei zisizopungua tatu, kutoka kwa wauzaji watatu wa kweli, siyo duka moja lenye mihuri mitatu. Manunuzi ya umma tangu 2023 yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo kaa na afisa manunuzi wa halmashauri mapema ujue kipi kinaingia vipi.

Nukuu zote ziombwe kwa maneno yale yale. Usiandike "nondo" peke yake. Andika "nondo milimita 12, urefu mita 12, yenye nembo ya TBS, bei ya kufikishwa shuleni". Ukiacha maneno manne ya mwisho, aliye rahisi dukani anakuwa ghali akifika shuleni.

Mpangilio wangu wa ununuzi ni huu:

Nondo na bati: mapema. Haviozi. Mwisho wa 2021 shule za wilaya nzima zilikuwa zinatafuta bati wiki zile zile. Waliosubiri kuta ziishe ndio walioikuta bei imepanda na stoo za mjini tupu.

Saruji: kidogo kidogo. Nunua ya wiki mbili, siyo ya mradi mzima. Saruji inakula unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko.

Mbao: katikati, zipate muda wa kukaa kivulini zikikauka. Mbao mbichi ikipigiliwa juu hujipinda, na bati hulifuata.

Rangi, vioo, vitasa: mwisho. Ni vitu vya kuibika.

Kununua mapema hakumaanishi kulipa kabla ya mzigo. Muuzaji anayetaka alipwe yote kwanza kisha alete polepole, mwache aende na biashara yake. Malipo yanafuata mzigo uliopokelewa na kusainiwa.

Fundi naye anataka mkataba wa maandishi, hata kama ni jirani yako na mnasali pamoja: kazi gani, siku ngapi, analipwa kiasi gani kila hatua inapokamilika, na nini kinatokea akiharibu. Sehemu ya mwisho ya malipo yake ibaki mpaka mhandisi akague.

Kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo ya muuzaji na kuipeleka serikalini, isikupite. Mwaka 2021 ilikuwa asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa serikalini na asilimia 5 kwa huduma. Mwulize mweka hazina wa halmashauri viwango vya mwaka huu kabla hujamlipa yeyote, kwa sababu usipokata wewe utadaiwa wewe, na muuzaji atakuwa ameshabadilisha namba ya simu. Risiti iwe ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, yenye jina la shule. Kwa mchanga na mawe ya watu wasio na mashine, mwombe mweka hazina utaratibu wa maandishi mapema, usingoje mkaguzi akufundishe.

## Hatua ya 5: Simama getini

Nianze na kosa langu. Lori lilikuja saa mbili usiku, dereva analalamika ana safari nyingine, mvua inanukia. Tulishusha nondo kwa mwanga wa simu, tukahesabu idadi, ikatimia, tukasaini. Asubuhi fundi akaokota moja, akaipitisha kwenye vidole, akaniangalia. "Mwalimu, hii siyo kumi na mbili." Nikaleta vernia kutoka maabara: kumi na kidogo. Muuzaji akasema, na alikuwa sahihi, kwamba tulishapokea na kusaini.

Tangu siku hiyo nina sheria ya kwanza: hakuna mapokezi baada ya jua kuzama. Dereva akikasirika, apewe chai na mkeka.

Sheria ya pili: kamati ya mapokezi inafika na vipimo. Kuhesabu ni robo tu ya kazi.

### Nondo

Pima kipenyo kwa vernia sehemu tatu tofauti. Kisha pima uzito, maana uzito haudanganyi: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina takriban kilo 10.6. Ya milimita 10 yenye urefu huo huo ina kilo 7.4 hivi. Tofauti ni zaidi ya kilo tatu. Hata mtu asiyejua ujenzi anaisikia mkononi. Pima tano bila kuchagua. Zikipungua kidogo sana, jadilianeni. Zikipungua kilo mbili, lori ligeuze.

### Saruji

Angalia namba iliyoandikwa kwenye mfuko. 42.5 ni ya zege la lenta na nguzo, 32.5 inatosha kwa kujengea na kupiga lipu. Wengi hulipia ya kwanza wakaletewa ya pili, na mifuko inafanana rangi.

Weka mifuko mitatu kwenye mizani. Kila mmoja kilo 50. Bonyeza pembe za mifuko ya chini kabisa ya lori: ukikuta jiwe ndani, saruji hiyo imeshakunywa maji. Mabonge yanayosagika kwa vidole yanavumilika. Yasiyosagika, rudisha.

Stoo: juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kiganja, isizidi mifuko kumi kwenda juu. Iliyoingia kwanza itoke kwanza.

### Mchanga na kokoto

Hapa "tripu" ndiyo neno la hatari. Tripu ni kiasi gani? Chukua tepu, pima bodi ya lori: urefu mara upana mara kimo cha mchanga wenyewe, siyo kimo cha bodi. Lori la mita 4 kwa 2.2 lililojaa hadi sentimita 60 limebeba mita za ujazo 5.28. Kama ulilipia saba, hapo hapo unajua umeibiwa karibu robo. Tembea juu ya mzigo pia. Katikati hupenda kuwa na shimo.

Chukua konzi ya mchanga, sugua viganjani. Mchanga ukiacha tope jekundu, una udongo mwingi. Jaribio la chupa ni bora zaidi: mchanga nusu chupa, maji hadi juu, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la udongo litakaa juu ya mchanga, ulione kwa macho na umwoneshe dereva.

### Bati

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na kuna wajumbe waliopokea 30 wakidhani wamezidishiwa. Siku ya kuchagua muuzaji, omba kipande cha bati hilo, kamati isaini kwa kalamu ya wino mzito, mkifungie ofisini. Siku ya mzigo, linganisheni kwa vernia.

### Tofali

Kama mnafyatua wenyewe, hesabu zinazotoka kwenye kila mfuko na uandike. Fundi akijisifu kwamba mfuko mmoja umempa tofali 45 za inchi sita, hajabana matumizi, ametengeneza mchanga wenye umbo. Zimwagilie maji siku saba. Tofali nzuri ukiikwaruza kwa msumari inaacha mstari mwembamba. Mbaya inachimbika kama keki.

Kila mzigo ukikubaliwa, ingiza kwenye leja siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya gari, idadi, vipimo mlivyopata, saini za wajumbe waliokuwepo kwa macho yao. Asiyekuwepo asisaini, hata akiwa mwenyekiti. Kila mfuko unaotoka stoo nao uandikwe: umetoka kwa nani, kwa kazi gani.

Utajua mapokezi yenu yanafanya kazi siku lori la kwanza litakapogeuzwa. Habari hiyo itafika dukani kabla ya lori lenyewe, na mizigo inayofuata itakuja imekamilika. Shule ambayo haijawahi kukataa chochote, mimi huiangalia kwa wasiwasi.

## Hatua ya 6: Jenga, pima, ndipo ulipe

Sitakufundisha ufundi, mhandisi yupo. Kuna mambo mawili tu ambayo wewe mwalimu unaweza kuyasimamia kwa macho, na ndiyo yanayoamua kama ukuta utapasuka.

La kwanza ni mchanganyiko. BOQ ikisema zege la lenta ni 1:2:4, maana yake saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takriban lita 35. Kwa hiyo kila mfuko unataka lita 70 za mchanga, ambazo ni ndoo tatu na nusu za lita 20, na lita 140 za kokoto, ndoo saba. Mafundi wengi hupima kwa koleo au toroli iliyojazwa kichuguu. Waombe wapime kwa ndoo. Mweke mwanajamii mmoja anayehesabu kwa kuchora mistari kwenye ubao. Watanuna asubuhi ya kwanza, kufikia mchana wamezoea. Na maji yasimwagwe ovyo ili koleo liteleze. Zege likimiminika kama uji limeshapoteza nguvu.

La pili ni kumwagilia. Zege halikauki kama nguo, linakomaa, na linahitaji maji ili likomae. Lifunike kwa magunia na ulinyweshe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Hii ni kazi isiyo na gharama zaidi ya maji, na ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu fundi anakimbilia kozi inayofuata. Mpe jukumu mlinzi wa shule, na aandike saa kwenye daftari.

Malipo ya fundi yafuate bahasha zile nne. Msingi na jamvi vikiisha, mhandisi anakuja, anaandika kwenye daftari la kazi kwamba ameridhika, ndipo unalipa. Usilipe kwa huruma. Fundi akiwa na shida nyumbani, mchangieni kama majirani, mfukoni mwenu. Fedha ya mradi haina rambirambi.

Ishara nzuri: ukifika lenta, bahasha ya tatu imetoa fedha ya vifaa vya paa tu, na ya nne ingali kamili.

## Hatua ya 7: Ijumaa ya makaratasi

Kila Ijumaa, saa moja. Unakaa na mhasibu au mwalimu wa fedha, mnalinganisha vitu vitatu: risiti za wiki, leja ya stoo, na taarifa ya FFARS, mfumo wa kielektroniki wa hesabu za fedha za shule. Vikipishana, mnatafuta sababu kabla ya kuondoka, wakati bado mnakumbuka.

Kila malipo yawe na mnyororo wake kwenye faili kwa mpangilio huu: muhtasari wa kikao, nukuu tatu, hati ya kuagiza, hati ya kufikisha mzigo, fomu ya mapokezi, ankara, hati ya malipo, risiti ya EFD. Piga picha kila karatasi. Risiti za EFD hufifia zikikaa juani, na baada ya mwaka unabaki na kikaratasi cheupe cha kumwonesha mkaguzi.

Ambatanisha pia picha za jengo kila hatua, zikipigwa kutoka sehemu ile ile.

## Hatua ya 8: Maliza, kabidhi, funga

Umaliziaji hupendwa kuharakishwa. Kabla ya lipu, hakikisha mabomba ya waya za umeme yamezikwa ukutani, hata kama umeme haujafika. Kuchimba ukuta uliokwisha kupigwa lipu ni kulipa mara mbili. Ubao wa kuandikia uwe laini. Pima mwenyewe kwa chaki, andika sentensi, kaa kiti cha nyuma kabisa, soma. Mwanga wa dirisha ukiufanya ung'ae, sema sasa.

Samani zipite kamati ya mapokezi kama mzigo mwingine wowote. Kalia viti vitano, tikisa meza tano, geuza chini utazame uchomeleaji, kisha andika namba ya shule kwenye kila kimoja.

Mhandisi akitoa hati ya kukamilika, lipa kile ulichombakishia fundi. Andika taarifa ya mwisho: fedha iliyoingia, iliyotumika kwa kila bahasha, vifaa vilivyobaki stoo, na bakaa. Bakaa ikiwepo, mwandikie mkurugenzi mtendaji wa halmashauri kueleza kiasi na kupendekeza matumizi, kisha subiri jibu la maandishi. Ruhusa ya simu haina saini.

## Kama tayari umekwama kwenye lenta

Kwa yule aliyeniandikia, na wenzake.

Simamisha ununuzi leo. Usichukue bati kwa mkopo kwa muuzaji mwema, kwa kuwa hilo ni deni ambalo shule haina kibali cha kuliingia. Funga stoo, hesabu kilichobaki mbele ya kamati zote tatu, mkisaini.

Mwombe mhandisi aje apime kazi iliyofanyika na kuandika thamani yake. Weka karatasi mbili pamoja: BOQ ilisema nini, na nini kimetumika. Nenda mstari kwa mstari mpaka uone ulipopasukia. Mara nyingi ni msingi, na pengo linaelezeka kwa mteremko. Pengo likiwa kwenye nondo au saruji, rudi kwenye leja na uwaulize waliosaini.

Mwandikie mkurugenzi mtendaji kabla hajasikia kwa diwani. Barua iwe fupi, na viambatisho viwe vingi: tathmini ya mhandisi, mlinganisho, hesabu ya stoo, picha, na kiasi kamili kinachopungua. Wananchi nao waelezwe kwenye mkutano wa kijiji kwa takwimu zile zile, neno kwa neno, maana barua mbili zenye namba tofauti zitakumaliza.

Wakati unasubiri, linda kilichopo. Funika vichwa vya kuta kwa nailoni, paka uji mzito wa saruji kwenye nondo zilizochomoza zisipate kutu, na ondoa mbao za kunyanyulia zege watoto wasije wakazipanda.